Kazi ya Kupika Doria

Mimi niliacha shule kwa sababu ya bata.

Sio kwamba bata alinifukuza, ingawa yule wa mjomba wangu alikuwa na tabia hiyo. Huyu wangu alikuwa wa chaki. Mwalimu alimchora ubaoni, akamchora vizuri mpaka na zile nyayo zake pana, halafu akaninyoshea fimbo.

"Hii ni nini?"

Nikasimama. "Pata."

"Nipate nini?"

"Pata, mwalimu."

"Nakuuliza, nipate nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole, maana niliona mtu mzima amesahau alichochora mwenyewe sasa hivi. "Hiyo. Pata."

Darasa lilicheka, na wengi waliocheka wangesema vile vile kama ni wao wameulizwa. Sisi Wakipsigis mdomo wetu hauoni haja ya kutenganisha b na p. D na t pia tunawalaza kitanda kimoja, na g na k. Tukiongea lugha yetu hakuna mtu anayepotea njia kwa sababu hiyo. Ni Kiswahili ndicho kinapenda kugombanisha watu kwa herufi moja. Na huyo mwalimu hakuwa mtu wa kwetu, alitoka upande wa ziwa, na yeye mwenyewe shule alikuwa akiiita "sule". Lakini fimbo ilikuwa mkononi mwake, kwa hivyo "sule" ilikuwa sawa na "pata" ilikuwa makosa.

Akanipiga. Nikatoka hapo nikilia, nikakutana njiani na mama mmoja aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wadogo, bwana yake alifanya kazi shamba la chai. Naye alikuwa wa ziwani, hajui lugha yetu, kwa hivyo tuliongea Kiswahili, yaani yeye aliongea na mimi nikajaribu.

"Nani amekutoa machozi?"

"Mwalimu amenipika."

Akatua beseni. Akanishika shavu, akaliminya kama mtu anayechagua viazi sokoni.

"Amekupika? Na mbona hujaiva?"

Alicheka mpaka akakaa chini karibu na omena zake. Akaenda akasimulia kambi nzima ya wachuma chai. Miaka mingi baadaye, nimeshaoa, nikipita pale kambini kulikuwa na mtu wa kuniuliza kama bado ni mbichi. Lakini kesho ya ile fimbo, shule sikuenda. Nilichukua kikapu nikaingia kwa chai ya baba, na huko hakuna mtu anayechora bata.

Nasema haya yote ili mjue kwamba nilipoajiriwa kazi ya kupika doria, sikuwa mjinga zaidi ya wengine. Nilikuwa nimeumia mahali.

Ilikuwa kwa baraza. Sabchifu wetu, yule msaidizi wa chifu, ni mtu wa kwetu kabisa, mdomo wake ni kama wangu, tofauti ni kwamba wake una kofia juu. Alizungumza juu ya maziwa, juu ya barabara ambayo mvua imekula, juu ya pombe, akarudi kwa pombe mara nyingine maana anaijua vizuri, halafu mwisho kabisa, watu wameshaanza kupangusa nyasi kwenye suruali, akasema:

"Kuna wageni huko juu msituni. Wanatafuta mzee mwaminifu, wa kupika toria. Nani anaweza?"

Hakuna aliyeuliza toria ni nini. Kwa baraza huulizi kitu kama hicho. Ukiuliza utaonekana wewe peke yako ndiye hujui, na huenda hata sabchifu hajui, na hapo umemwaibisha. Wazee wote wakatazama viatu. Mimi nikakumbuka kwamba ujanani nilipikia vijana wenzangu tulipokuwa tukikaa pamoja, ugali na kabichi, na hakuna aliyekufa. Nikaona mtu anayeweza kugeuza ugali wa watu kumi hawezi kushindwa na toria. Nikainua mkono.

Nyumbani mama watoto akaniuliza, "Toria ni mboga gani?"

"Ya wageni."

"Inapikwa na nyanya ama bila?"

"Nitaona nikifika."

Yeye ni mtu wa kupenda mambo yaende vizuri. Alinipa ile sufuria ya wageni, ambayo mimi mwenyewe naionaga Krismasi tu, akaweka ndani mwiko na vitunguu, akafunga na kitambaa. Akasema, "Usirudi bila hiyo." Alikuwa akimaanisha sufuria.

Msitu wetu unaanza pale chai inapokwisha. Unapanda katikati ya majani chai mpaka yanakufika kifuani, unavuka kijito, halafu ghafla ni miti na giza na maji yanadondoka hata kama mvua hainyeshi. Ni mahali pa baridi. Wageni wanadhani Kenya ni jua tu. Waje kwetu Julai, ukungu unaingia nyumbani bila kubisha hodi, unakaa kwenye kiti.

Huko nikakuta ua wa waya, lango, kibanda cha mbao, na msichana amevaa gambuti na kofia ya sufu. Msichana namwita mimi kwa sababu ya umri wangu. Yeye alikuwa daktari, kutoka Nairobi, na ule mradi ulikuwa mkononi mwake.

"Karibu, mzee. Wewe ndiye wa doria?"

"Ndiye mimi."

Akatazama ile sufuria. "Umebeba chakula chako. Umefanya vizuri."

"Hapana, chakula ni chenu. Mimi nimeleta sufuria. Hiyo doria iko wapi niioshe?"

Akauma mdomo wa chini, akageukia miti kama mtu aliyeitwa, nikaona mabega yanatingika. Aliporudi alikuwa na machozi lakini ameshika adabu.

"Mzee, doria haipikwi. Kupiga doria ni kuzunguka. Unazunguka na kuangalia mtu asiingie, ng'ombe asiingie."

"Kuzunguka na kuangalia?"

"Basi."

"Hiyo nimeifanya maisha yangu yote. Sikujua ina jina."

Akanipeleka ndani anionyeshe cha kuangaliwa. Ndipo nikaona kwamba sabchifu hakukosea sana. Walikuwa wamekata msitu vipande vipande kwa kamba na vigingi, kila kipande kama sakafu ya nyumba yangu. Vingine wameviacha hivyo hivyo. Kwenye vingine wamefukia waya za stima chini ya udongo, na juu wametundika vitu kama taa, lakini havitoi mwanga, vinatoa joto tu. Nikapitisha mkono juu ya kamba. Joto kabisa, kama kando ya ng'ombe aliyelala.

"Tunaupasha msitu joto," daktari akasema.

"Kwani msitu umelalamika?"

"Dunia inazidi kupata joto, mzee. Tunataka kujua msitu kama huu utafanya nini joto likifika. Sasa tunauletea hilo joto mapema, hapa kidogo tu, na tunalinganisha na pale ambapo hatujagusa."

"Kwa hivyo mnaupika."

Akafikiri. "Polepole," akasema. "Lakini ndiyo."

Chini walikuwa wamefunika udongo kwa vifuniko fulani, ungedhani ni sufuria zimelazwa kifudifudi, na mirija inatoka ikienda kwa mashine. Akaniambia hapo wanapima pumzi ya udongo. Nikamuuliza kama udongo unapumua. Akasema wakati wote, wadudu na vijidudu vyake wanakula majani yaliyooza na wanapumua kama sisi, na wakipata joto wanapumua zaidi, na hiyo pumzi ikipanda juu inazidisha joto la dunia. Swali lake lilikuwa ni kiasi gani. Nililala chini nikatega sikio. Nilichosikia ni goti langu.

Kazi ilinifaa. Tatizo lilikuwa ni lile neno daktari. Watu walisikia kuna daktari msituni, wakaanza kupanda na vikohozi vyao. Yeye alikuwa akiwaelekeza Kaplong hospitali, kwa upole, kila mtu. Mama mmoja alikataa kwenda, akainua mguu wake uliovimba akauweka juu ya kigogo.

"Mimi ni daktari wa miti, mama."

"Sawa. Utazame kama mti."

Kulikuja pia bwana mmoja na gari kutoka Bomet, amevaa viatu vya ofisini, akatazama zile taa zisizo na mwanga, akauliza kama zinaweza kukausha mahindi. Daktari akasema hapana. Bwana akapoteza hamu ya mazingira, akashuka.

Lakini aliyeleta mambo alikuwa mtu wa rika langu.

Huyu tulikaa dawati moja siku ile ya bata, na yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Baadaye tulitahiriwa pamoja, tukakaa msimu wote wa majando tukiota moto mmoja. Kwetu watu wakishaota moto huo pamoja, kuna maneno hawaambiani tena mpaka wafe. Unaweza kumtukana mtu wa rika lako, hata ni vizuri umtukane, la sivyo atadhani umekasirika. Lakini humwambii aondoke motoni. Hata akikukanyaga. Hata moto ukiwa ni wako, na kuni ni zako, na yeye amekaa mbele yako na matako yake yote.

Yeye alikuwa mtu wa boila. Kiwanda cha chai kinakausha majani kwa mvuke, na mvuke unatoka kwa boila, na boila inakula kuni kama ndovu, na mtu wa kuilisha alikuwa yeye. Alilisha mpaka akastaafu. Moshi ulimwingia kifuani ukakataa kutoka. Hospitali wakamwambia asikae tena mahali penye moshi. Sasa wewe niambie, kwetu juu, mzee asikae penye moshi atakaa wapi? Joto lote la boma liko jikoni, na moshi wote uko huko. Mke wa mtoto wake akipika, yeye alikuwa akikaa nje kwa baridi, amejifunika kabuti, anatazama mlango wa jiko kama mbwa aliyefukuzwa. Na baridi nayo inamkohoza. Moshi unamkohoza, baridi inamkohoza, katikati hakuna kitu.

Alikuja kunisalimia kazini na kigoda chake. Akasimama kwenye kamba, akanyosha mkono.

"Rika. Hapa kuna moto."

"Hakuna moto. Ni waya."

"Moshi uko wapi?"

"Hakuna moshi."

Akanusa. Akavuta hewa ndani kabisa, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya muda mrefu, akaishikilia, akingoja kukohoa. Hakukohoa. Akavuka kamba, akaweka kigoda kati ya vile vifuniko, akakaa, akanyosha miguu.

"Na hii ni ya nini?"

Nikamweleza. Dunia inayokuja, joto, msitu, pumzi.

"Yaani dunia itakuwa hivi?"

"Ndiyo wanaogopa."

"Mimi naipigia kura."

Basi akawa anakuja kila asubuhi, wachuma chai wakiingia shambani na yeye anapanda. Anakaa mpaka jua litoboe miti. Tulikuwa tukitukanana polepole, tukikumbushana habari za watu waliokufa, nani alikuwa na ng'ombe mbaya. Alikuwa amenunua soksi nzito huko Litein, akawa anazianika kwenye waya ya ile taa, anasema haziungui na hazinuki moshi. Kikohozi kilipungua. Mke wa mtoto wake alimwambia mke wangu kwamba mzee ameanza kula, na analala mpaka asubuhi bila kuamsha nyumba.

Daktari naye alikuwa akifika kazini baadaye, kutoka mahali alipokuwa akikaa mjini. Siku moja alifungua kompyuta yake pale kibandani, akakunja uso.

"Mzee, kuna kitu sielewi. Kile kipande cha pale juu kinapumua asubuhi kama fahali."

"Ni udongo mzuri."

"Vipande vingine vyenye joto havifanyi hivyo. Na hiki zamani hakikuwa hivyo."

"Labda kimezoea."

Akanitazama. Nikaenda kupiga doria, na siku hiyo niliipiga vizuri sana, mpaka upande wa pili wa ua.

Kesho yake daktari alikuja na ukungu, kabla ya saa yake. Alitukuta. Rika alikuwa miguu mitupu, gambuti pembeni, soksi zinaning'inia juu ya vipimo vya watu.

"Habari ya asubuhi, wazee."

"Nzuri, msichana wangu," rika akajibu.

Akaangalia soksi. "Hizo ni za nani?"

"Za msitu," rika akasema.

Hakucheka. Aliniita kando. Sauti yake ilikuwa chini, na hilo ndilo lilinisumbua, maana mtu akikupigia kelele angalau unajua utajibu nini.

"Mzee, nilikuomba mtu asivuke kamba."

"Uliniomba."

"Pumzi yake inaingia kwa mashine. Anakanyaga udongo. Nimengojea hapa mvua na kiangazi, na tena mvua. Hiki kipande kikinidanganya, kazi yote haiaminiki. Nitaambiwa nifunge vitu niende nyumbani. Mwambie atoke, tafadhali. Wewe ndiye wa doria."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya majando na moto. Alisikiliza mpaka mwisho, sio kama wale wanaongoja tu unyamaze.

"Lakini huu si moto, mzee."

"Ndivyo nilimwambia siku ya kwanza."

"Akasema?"

"Akasema kama unaota, ni moto."

"Basi tumwashie mwingine, pale nje ya lango. Mimi nitaleta kuni."

"Moshi," nikasema, nikajigusa kifua.

Akavua ile kofia ya sufu, akaishika kwa mikono miwili. Alielewa. Nafikiri angependa asielewe. Alisimama hapo akitazama kile kipande, na yule mzee katikati yake na miguu yake mitupu juu ya udongo wa moto, akasema, "Siwezi kumwacha hapo. Ningeweza ningemwacha."

Nikarudi nikachuchumaa karibu na rika, mimi nje ya kamba, yeye ndani. Kifua chake kilikuwa kimeharibika lakini masikio yalikuwa mazima.

"Amesema nini?"

"Amesema baridi ya mwaka huu imezidi."

"Amesema hivyo?"

"Karibu na hapo."

Akatikisa kichwa. Nilijua maneno ninayotakiwa kusema, ni machache, hata mtu wa darasa la pili anayajua. Nikafungua mdomo, nikajikuta nimeanza habari ya bata. Mwalimu, ubao, nyayo pana. Habari ambayo yeye alikuwepo.

"Ulisema nini alipokuuliza?" rika akasema.

"Nilisema pata."

"Mpaka leo husemi vizuri."

"Wewe sema."

"Pata," akasema, na tukacheka, na alipocheka hakukohoa.

Halafu akamgeukia daktari, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kofia yake mkononi.

"Msichana wangu, huu msitu umekuambia nini mpaka sasa? Juu ya hilo joto."

"Bado, mzee. Bado unaniambia."

"Na mimi nayaingilia maneno yake."

"Ndiyo, mzee," daktari akasema.

Rika akanyosha mkono, akaanua soksi. Akavaa moja, akaivuta mpaka juu, akavaa nyingine. Akavaa gambuti. Alichukua muda wake. Katikati ya kuvaa akanitazama, nami nikatazama kigingi. Sikumwambia kitu. Nataka hilo lijulikane, sikumwambia kitu.

"Wacha nishuke nikaone ng'ombe," akasema.

Ng'ombe hana. Wa mwisho aliuzwa alipolazwa hospitali, na mimi ndiye nilimshika kamba wakati mnunuzi akimpandisha garini. Alijua najua.

"Sawa, rika," nikasema. "Wasalimie."

"Nitawasalimia."

Akasimama, akajifunga kabuti mpaka kifungo cha shingoni. Akavuka kamba kwa uangalifu, akiinua miguu juu, mmoja, halafu mwingine, kama mtu anayetoka chumba chenye mtoto amelala. Kigoda alikiacha. Akapita langoni, akavuka kijito, akaingia katikati ya chai. Wanawake waliokuwa wakichuma wakampisha, nikamsikia akiwatania kitu, wakacheka. Halafu akakohoa. Kofia yake ilionekana juu ya majani mpaka kwenye kona ya kituo cha chai, halafu ikawa majani tu.

Hakupanda tena msituni.